SAHANI YA SANTURI NA NYIMBO ZILIZOCHAGULIWA

Fungueni madaftari yenu na mweke kalamu karibu. Somo la leo ni la kusoma, lakini hatutasoma kitabu. Tutasoma karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani ya santuri. Wengine huiita lebo.

Labda mtauliza: santuri ni kitu cha kusikiliza, kusoma kwake ni nini? Ngojeni kidogo, mtaona.

Kwanza tufahamu vitu viwili. Kitu cha kwanza ni sahani ya asili, yaani ile iliyotolewa wakati wimbo ulipopigwa. Kitu cha pili ni mkusanyiko. Mkusanyiko ni nyimbo zilizopendwa, zilizotolewa katika sahani mbalimbali na kuwekwa pamoja baadaye. Je, kipi ni bora?

Chukueni mfano wa Tanga. Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 mji huu ulijaa muziki. Kwa dansi walikuwapo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwa taarab walikuwapo Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club. Makundi makubwa ya Unguja yalikuwa na fidla nyingi. Wapigaji wa Tanga walikuwa wachache, wakatumia magitaa ya umeme, na taarab yao ikavuma pwani nzima.

Lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani. Nyimbo zilitolewa na makampuni ya Kenya. Sahani nyingi za taarab ya Tanga zilitoka Mombasa, zikiwa na chapa ya Mzuri. Zilikuwa ndogo, upana wa inchi 7, zikizunguka mara 45 kwa dakika. Kila upande ulichukua dakika chache tu. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Msikilizaji aliinuka, akageuza sahani, ndipo akausikia mwisho wa wimbo.

Huko Ulaya mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1967 vijana wa Uingereza waitwao Beatles walitoa sahani kubwa, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Ulikuwa muziki wa roki wenye sauti za kindoto. Nyimbo zake nyingine zimeshikana bila kituo, na maneno ya nyimbo zote yalichapishwa nyuma ya jalada. Sahani kama hiyo ni kazi moja. Ukichomoa wimbo mmoja, ni kama kuchomoa ubeti mmoja katika utenzi.

Hata hivyo watu hupenda mkusanyiko. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, aliimba katika bendi ya Queen. Mkusanyiko wao wa mwaka 1981, uitwao Greatest Hits, umeuzwa Uingereza kuliko sahani kubwa nyingine yoyote.

Sasa turudi kwetu. Sahani zetu za asili zilikuwa ndogo na zimetawanyika. Kwa hiyo mkusanyiko si adui. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star, ikauita mkusanyiko huo Nyota. Watu wa mbali ambao hawajapata kuiona Tanga wakaisikia. Hilo ni jambo jema, tushukuru.

Lakini kila mkusanyiko una mchaguzi wake. Muuza machungwa wa Muheza hupanga yaliyo mazuri juu ya rundo. Ni machungwa ya kweli, hakudanganyi. Lakini ukitaka kuujua mti, nenda shambani. Mtu akitajiwa Bi. Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, mara moja hutaja Macho Yanacheka. Ni wimbo mzuri. Lakini mwimbaji wa miaka mingi hawi wimbo mmoja.

Hapa ndipo penye hasara. Wimbo uliochaguliwa hunakiliwa tena na tena, nao huishi. Je, ule wa upande wa pili? Haukuchaguliwa. Hauko katika mkusanyiko wala katika simu. Umo ndani ya sahani tu, na sahani imo ndani ya sanduku, chini ya kitanda cha bibi. Jua likiipinda, au mjukuu akiitupa, wimbo umekufa. Nao una mtunzi, una mashairi, una watu waliouchezea harusini.

Tena kuna jambo la haki. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1999, na chombo kiitwacho COSOTA husajili kazi za wasanii. Mtoto wa mtunzi akitaka haki ya baba yake, ataulizwa: wimbo ni wa nani? Karatasi ile ya katikati si hukumu ya mwisho, maana wachapaji nao hukosea. Lakini ni ushahidi wa kuanzia. Asiyejua kusoma hupitwa na ushahidi huo ameushika mkononi.

Basi jibu letu ni hili: mkusanyiko ni mlango, sahani ya asili ndiyo nyumba. Ingieni kwa mlango, lakini msiibomoe nyumba.

Kazi ya wiki hii. Tafuteni sahani moja ya zamani, kwenu au kwa jirani. Ombeni ruhusa, ishikeni kwa ukingo, msiguse mifuo yake. Kisha andikeni daftarini:

1. Jina la wimbo, upande wa kwanza na wa pili.
2. Jina la kundi.
3. Jina la mtunzi na la mwimbaji, kama yapo.
4. Chapa na namba ya sahani.
5. Mwaka. Kama haukuandikwa, waulizeni wazee, na mwandike nani amewaambia.

Anayejua kuandika amsaidie asiyejua bado. Mkimaliza mtakuwa mmeandika maneno machache tu. Lakini huenda maneno hayo hayakuandikwa mahali pengine popote.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo.