Kalisiamu: Usimpe Mtoto Mchuzi Peke Yake

Leo tunazungumza juu ya kitu kimoja kinachoitwa kalisiamu.

Kalisiamu ni nini? Ni namna ya madini. Haipatikani peke yake katika udongo, kwa maana inashikana upesi na vitu vingine. Mtu wa kwanza kuitenga alikuwa Humphry Davy, kule London, mwaka 1808. Lakini nyinyi mnaijua tayari: iko ndani ya chokaa ya ukuta, iko ndani ya ganda la yai, iko ndani ya mifupa yenu.

Mwili wa mtu mzima una kalisiamu karibu kilo 1. Katika kila sehemu 100, sehemu 99 ziko ndani ya mifupa na meno. Ile 1 inayobaki inasaidia misuli kujikaza, moyo kupiga na damu kuganda. Kama chakula hakiileti, damu inakwenda kuikopa katika mifupa. Na mwenye kukopa kila siku bila kulipa, mnajua mwisho wake.

Mtoto anayeikosa, mifupa yake inalegea, miguu inapinda. Mama mwenye mimba anayeikosa yuko karibu zaidi na hatari ya kifafa cha mimba, ugonjwa unaoua mama pamoja na mtoto.

Basi, tutaipata wapi? Muhogo na mahindi vina kidogo sana. Maziwa yana nyingi, lakini si kila nyumba inaweza kuyanunua. Tuangalie ndagala. Kalisiamu yao iko katika miiba. Na sisi tunafanya namna gani? Baba anapewa samaki, mtoto anapewa mchuzi. Lakini miiba haiyeyuki katika mchuzi!

Fanya hivi:

1. Chagua ndagala wakavu, safi, uondoe mchanga.
2. Wakaushe tena juu ya moto mdogo, uwatwange pamoja na vichwa, kisha uchekeche unga.
3. Tia kijiko kimoja katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6, uchemshe vizuri.

Tena mwache mtoto acheze juani, kwa maana jua linasaidia mwili kupokea kalisiamu.

Usile chokaa ya ukuta, inaunguza. Udongo mweupe wa sokoni nao si dawa ya mifupa.

Wewe mwenye mimba, fika mapema kwenye kituo cha afya. Ukipewa vidonge vya kalisiamu, usivimeze saa moja na vile vya kuongeza damu. Acha saa kadhaa kati yake.

Leo jioni, mama, angalia sahani ya mtoto. Je, samaki yumo, ao mchuzi tu?