Betri Iliyokufa Bado Ina Mali: Mazungumzo na Watumiaji Kuhusu Lithiamu



Naomba nianze kwa swali. Ni nani kati yetu asiye na simu ya zamani iliyosahauliwa katika droo, ambayo betri yake ilikataa kushika chaji? Nimeombwa nizungumzie betri hiyo, na hasa lithiamu iliyomo ndani yake: jinsi inavyorejeshwa, kwa nini hupotea, na nafasi yetu sisi watumiaji katika jambo hilo.

Yafaa tuelewe kwanza kwamba lithiamu haiungui ikaisha kama petroli. Kila tunapochaji na kutumia simu, chembe zake husafiri kutoka upande mmoja wa betri kwenda upande wa pili, kisha hurudi. Miaka inapopita, baadhi ya chembe hunaswa njiani, mpangilio wa ndani huchakaa, na betri huchoka. Hata hivyo, lithiamu yenyewe bado imo. Betri ya simu ya kawaida ina takriban gramu 1; betri ya pikipiki ya umeme yaweza kuwa na gramu 200 au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, hutolewaje? Kiwandani, betri humalizwa chaji, kisha husagwa mahali ambapo hewa imedhibitiwa ili pasizuke moto. Plastiki, shaba na aluminiamu hutenganishwa, na hubaki unga mweusi wenye lithiamu na grafiti, pamoja na kobalti, nikeli au manganizi kulingana na aina ya betri. Kutoka hapo zipo njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni tanuri lenye joto kali. Kobalti, nikeli na shaba huyeyuka na kukusanyika chini. Lithiamu haifuatani nazo. Huingia katika uchafu wa tanuri, ule ambao wahunzi huuita mavi ya chuma. Kwa miaka mingi uchafu huo umetumika katika ujenzi, na lithiamu imezikwa humo. Kuitoa kwawezekana, lakini gharama yake ni kubwa.

Njia ya pili ni kuyeyusha unga mweusi katika asidi, kisha kutenganisha metali moja baada ya nyingine. Mara nyingi lithiamu hutolewa mwisho, hivyo kila hatua inayotangulia huweza kuipunguza. Hatimaye huongezwa sodiamu kaboneti, kemikali ya jamii moja na magadi tunayoyajua jikoni, na lithiamu hujitenga kama unga mweupe. Unga huo una tabia ya pekee: sukari huyeyuka upesi katika maji ya moto, lakini wenyewe, kadiri maji yanavyopata moto, ndivyo unavyozidi kukataa kuyeyuka. Ndiyo maana maji hupashwa moto ili unga mwingi zaidi ukamatwe. Ukisafishwa vizuri, hutengenezewa betri mpya.

Ugumu huo unaonekana hata katika sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu betri, ya mwaka 2023, inawataka wachakataji warejeshe asilimia 90 ya kobalti ifikapo mwisho wa mwaka 2027, lakini kwa lithiamu inadai asilimia 50 tu. Kiwango hicho kitapanda hadi asilimia 80 mwisho wa mwaka 2031. Naomba tulitazame jambo moja hapa kwa makini. Asilimia hizo huhesabiwa kutokana na betri zilizofika kiwandani. Betri iliyoishia jalalani haimo katika hesabu hiyo, na hakuna mtambo, uwe bora namna gani, utakaoirudisha. Kwa hiyo safari ya lithiamu huanzia mikononi mwetu.

Mikononi mwetu pia ndimo penye hatari. Betri ya lithiamu ikitobolewa au ikigongwa huweza kuwaka ghafla, na moto wake, hata ukizimwa, huweza kuanza upya. Chumvi iliyo katika majimaji yake ikikutana na unyevu hutoa gesi ya sumu inayounguza macho na mapafu. Tunapoitupa pamoja na maganda ya ndizi, tunamkabidhi hatari hiyo mzoa taka, na mtoto anayeokota chupa jalalani.

Kuna kosa jingine linalotokana na mazoea. Betri nyingi za sola na za pikipiki za umeme ni za lithiamu, chuma na fosfeti. Hazina kobalti wala nikeli. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliyezoea betri za risasi huweza kukuambia kwamba hazina thamani, ukazitupa. Katika betri hizo, lithiamu ndiyo moja ya vitu vyenye thamani kubwa zaidi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kununua, muulize muuzaji kama hupokea betri zilizochakaa, na utunze risiti.

Pili, usifungue, usitoboe wala usichome betri. Iliyovimba isichajiwe tena. Iweke mahali pakavu, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto.

Tatu, ziba ncha za betri kwa solatepu kabla ya kuihifadhi au kuisafirisha, ili zisigusane na chuma.

Nne, ikabidhi kwa muuzaji anayezipokea, au kwa mkusanyaji mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi. Una haki ya kuomba kuona kibali hicho na kuuliza betri yako itapelekwa wapi.

Ndugu zangu, tukirudi nyumbani leo, tufungue ile droo. Gramu moja iliyomo humo haitamtajirisha mtu, lakini ikikusanywa pamoja na za majirani zetu, yaweza kuwa betri tena badala ya kuwa moto jalalani.