Protini Saidizi za Vipokezi vya Glutamati na Tiba ya Kifafa Kisiwani Pemba

Mada kwa matabibu, wauguzi na wafanyakazi wa maabara, Chake Chake



Nianze na mambo mliyoyazoea. Mama akianguka kifafa cha mimba huchomwa magnesiamu salfeti: gramu 4 kwanza za mshipa, kisha sindano za makalioni, huku muuguzi akihesabu pumzi, akigonga goti na kupima mkojo, na kalsiamu glukoneti iko tayari pembeni. Mgonjwa wa upasuaji naye mara nyingi hulazwa usingizi kwa ketamini. Dawa hizi mbili zinakaa kabati tofauti, lakini zikifika kwenye ubongo zote huziba kipokezi kimoja cha glutamati, kile kiitwacho NMDA. Magnesiamu ina kazi nyingine kwenye mishipa ya damu, na wataalamu bado wanabishana ni kazi ipi inayomwokoa mama zaidi. Kwamba inamwokoa, hilo halina ubishi tangu jaribio la Magpie la mwaka 2002, lililowachukua wanawake wapatao 10,000 wenye dalili za hatari katika nchi 33. Waliopewa magnesiamu walianguka kifafa kwa chini ya nusu ya wenzao.

Kwa hiyo glutamati tunaishika kila siku bila ya kuitaja. Ndiyo kemikali kuu ambayo seli za ubongo huamshana nayo. Seli moja huimwaga kwenye sinapsi, yaani mwanya mwembamba baina yake na jirani yake, na jirani huipokea kwa vipokezi vilivyopachikwa kwenye utando wake. Cha haraka kuliko vyote ni AMPA: hufunguka kabla ya milisekunde 1 kumalizika, hupitisha sodiamu, kisha hujifunga hata kama glutamati bado ipo. NMDA hukaa kimezibwa na magnesiamu ya mwilini mpaka AMPA itangulie kuishtua seli. Mshtuko huo ukipita kiasi na kuenea, mgonjwa anaanguka.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kipokezi kinajitosheleza. Aliyeubomoa uhakika huo ni panya wa maabara ya Jackson, jimbo la Maine, Marekani. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990: akiinua kichwa juu kama anayetafuta mwezi mwandamo, akiyumba akitembea, na akipatwa na kifafa cha kuzubaa. Mwaka 1998 jeni yake yenye kasoro ilipatikana, na protini inayotokana nayo ikaitwa stagazini. Wakati huo ilifikiriwa kuwa ni kipande cha mlango wa kalsiamu. Mwaka 2000 Lu Chen, akifanya kazi na Roger Nicoll na David Bredt huko San Francisco, aliangalia seli za ubongo mdogo wa panya yule, ule wa kisogoni unaosimamia mizani ya mwili. Seli zilikuwa zinatengeneza AMPA kama kawaida, ila vipokezi havikufika kwenye utando. Vilibaki ndani.

Tazameni gari ya abiria ya Chake kwenda Wete. Dereva ndiye anayeendesha, lakini konda ndiye anayeamua gari isimame wapi na mlango ukae wazi kwa muda gani. Stagazini inafanya kazi zote mbili za konda. Inakitoa kipokezi ndani ya seli na kukifikisha juu, halafu inakifunga kwenye protini nyingine iitwayo PSD-95 ili kitulie mbele ya mahali glutamati inapomwagwa. Kisha, kipokezi kikishafunguka, inachelewesha kujifunga kwake, kwa hiyo tone lile lile la glutamati linaleta mshtuko mkubwa zaidi.

Hapa pana jambo linalostahili kutusimamisha. Panya yule ana upungufu wa vipokezi vya kuamsha, na bado ana kifafa. Sababu ni kwamba upungufu huo unaziathiri pia seli ambazo kazi yao ni kutuliza wengine. Mtulizaji asipoamshwa, hatulizi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ni rahisi mno kwa mwalimu wa dawa kuwaambia wanafunzi kuwa kifafa ni glutamati nyingi na tiba yake ni kuipunguza. La maana ni sinapsi ipi, katika seli ipi, na konda wake ni nani.

Makonda hawa, yaani protini saidizi, ni wengi. Stagazini ina ndugu zake, na kila mmoja ana mtaa wake katika ubongo: stagazini yenyewe imejaa kwenye ubongo mdogo, na ndugu yake aitwaye gama-8 amejaa kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu ambako kifafa kigumu cha watu wazima mara nyingi huanzia. Mwaka 2009 ziligunduliwa nyingine za ukoo tofauti, kornishoni. Vipokezi vya glutamati vya aina ya kainati vina zao, ziitwazo Neto. Hata mnyoo mdogo wa udongoni, C. elegans, anazo za kwake. Orodha ni ndefu na sitaimaliza.

Nitakaa kwenye gama-8, kwa kuwa ndiyo inayotuhusu sisi watu wa karafuu. Mwaka 2012 Marekani na Ulaya ziliidhinisha perampaneli, dawa ya kifafa ya kampuni ya Eisai ya Japani inayoziba AMPA. Inafanya kazi, lakini haichagui, inaziba AMPA ubongo mzima, na ubongo mdogo ukiwemo. Katika majaribio yake, waliopewa miligramu 12 walipata kizunguzungu kwa asilimia 43, dhidi ya asilimia 9 ya waliopewa dawa bandia. Walioanguka kwa kukosa mizani walikuwa asilimia 10 dhidi ya 3. Karani wa ofisini anaweza kuvumilia kizunguzungu. Kijana wa Micheweni au Mtambile aliye juu ya mkarafuu hawezi, wala mvuvi aliyesimama kwenye ngalawa. Mwenye kifafa hafai kupanda mti, hilo tunawaambia kila kliniki. Msimu ukifika, wanapanda.

Mwaka 2016 watafiti wa Eli Lilly na wa Johnson & Johnson walitangaza, kila upande kwa kazi yake, molekuli zinazoziba AMPA pale tu inapofuatana na gama-8. Kwa wanyama zilizuia kifafa bila ya kuvuruga mizani ya mwili, maana ubongo mdogo hauna gama-8 ya maana. Bredt yule yule wa mwaka 2000 ni miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Rapport, ambayo mwaka 2025 ilitangaza matokeo ya awali ya dawa ya aina hiyo, yenye matumaini, kwa idadi ndogo ya wagonjwa. Miaka 25 imepita tangu swali la panya anayeyumba, na dawa bado haijafika hata maduka ya Marekani. Pemba itachelewa zaidi.

Kuna upande wa malaria pia. Kilifi, ng'ambo yetu kidogo kaskazini, watafiti walipima maji ya uti wa mgongo ya watoto ambao malaria imewapanda kichwani, na mwaka 2000 walichapisha kwamba asidi ya kwinolini ilikuwa imepanda, na ilipanda zaidi kwa waliopata matokeo mabaya. Asidi hiyo huamsha kipokezi cha NMDA. Zanzibar tuliyashusha maambukizi ya malaria chini ya asilimia 1 kwa dawa mseto tangu mwaka 2003, kisha vyandarua na upuliziaji. Lakini aliyeugua utotoni miaka ya 1990 na kubaki na kifafa leo ni mtu mzima, na huenda ndiye anayesubiri kwenye benchi la nje.

Msimamo wangu ni huu. Protini saidizi ndizo zitakazotupa dawa za kifafa zenye adabu, zinazokwenda pale penye ugonjwa na kuacha penye uzima. Ila mgonjwa wa Pemba leo hasubiri gama-8. Anasubiri fenobabitali, dawa ya tangu mwaka 1912, isiyomkatikia. Ikikatika ghafla kifafa hurudi kwa nguvu, pengine bila ya kusita, na pale ndipo watu hufa. Sioni aibu kulisema hilo katika mada ya molekuli.

Naomba basi, Ndugu Mwenyekiti, kabla ya kikao kufungwa, tukubaliane kuwa rejista za kifafa za hospitali zetu ziandike aina ya mshtuko, historia ya degedege na malaria kali utotoni, kazi anayofanya mgonjwa, na siku alizokosa dawa. Aliyepitia kwa mganga kwanza naye aandikwe, bila ya kukaripiwa, maana akikaripiwa hatarudi. Siku majaribio ya dawa hizi mpya yatakapotafuta wagonjwa Afrika Mashariki, watakaoitwa ni wale wenye kumbukumbu. Tuanze kuziandika mwezi huu.