Paa la Daraja na Kibao cha Njiani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya madaraja ya mbao ya Marekani yaliyoezekwa paa kama nyumba. Wengi hudhani paa lile ni la kumkinga msafiri na mvua. Sivyo. Laikinga mihimili, kwa maana maji yakiingia katika viungo vya mbao, mbao huoza. Daraja la Philadelphia lilipofunguliwa mwaka 1805, fundi wake, Timothy Palmer, alikadiria ya kuwa bila paa lingedumu miaka 10 au 12, na likiezekwa vema miaka 30, pengine 40.

Na tutazame mfano mmoja. Mwaka 1855 Nicholas Powers alijenga daraja la Blenheim, katika Jimbo la New York, likavuka mto Schoharie kwa futi 210 pasipo nguzo katikati. Husimuliwa ya kuwa siku ya kuondoa miti ya kulishikilia, alipanda akaketi juu ya paa, ili likianguka aanguke nalo. Halikuanguka. Lilisimama miaka 156, hata tarehe 28 Agosti 2011 mafuriko ya tufani Irene yakalichukua. Wenyeji hawakuridhika kuliacha lipotee. Mwaka 2018 jingine la mfano wake lilikamilika mahali pale pale, limeinuliwa zaidi juu ya maji.

Sasa kibao. Mwaka 1926 Jimbo hilo lilianza kusimamisha kando ya barabara vibao vya buluu vyenye herufi za manjano, vikitaja kwa maneno machache jambo, mahali na mwaka. Kibao nacho ni paa: chakinga habari isioze. Lakini ni paa dogo. Jina la fundi mkuu laenea. Waliokata magogo, waliochonga viungo na waliosimama majini hawamo.

Ndugu, hapo ndipo jambo hili linapotuhusu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani ndio tushikao daftari za mishahara, zenye jina la kila kibarua. Kazi ikiisha, daftari hutupwa, na jiwe la ufunguzi huchorwa jina moja. Kwa hiyo twaomba mkutano uazimie ya kuwa kila tawi liombe ruhusa ya kuyanakili majina hayo na kuyahifadhi, kabla mchwa hawajayamaliza.