Jina la Chuo Halipigi Hesabu

(Mazungumzo kwa walimu wa sekondari na watumishi wa umma juu ya uchaguzi wa chuo na fani kwa vijana wanaotaka kazi za fedha na ushauri elekezi)



Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, nyumba nyingi hugeuka mabaraza. Baba husema lake, mama husema lake, mjomba aliyeko mjini hupiga simu, na mwisho mwalimu huendewa ili akate shauri. Kijana aliyefaulu masomo ya uchumi au biashara huulizwa swali moja tu: "Unakwenda chuo gani?" Ni nadra kuulizwa atakwenda kufanya kazi gani, na ni nadra zaidi kuulizwa kama kazi hiyo anaijua. Dirisha la maombi hufungwa baada ya wiki chache, na uamuzi utakaomfuata mtu mpaka siku ya kustaafu huwa umekwisha kupitishwa kwa kusikiasikia.

Miongoni mwa vijana hao wako wengi wanaotamani kazi za benki, bima, ukaguzi wa hesabu na ushauri elekezi. Tamaa hiyo haina ubaya. Taifa lisilokuwa na watu wake wa kuhesabu fedha zake hulazimika kuhesabiwa na wengine. Lakini tamaa isiyoongozwa huzaa hasara, na hasara hiyo humwangukia mzazi aliyeuza ng'ombe au aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo, akitumaini kwamba jina kubwa la chuo litamfungulia mwanawe mlango.

HISTORIA INA FUNZO

Mwezi Februari mwaka 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya kigeni yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mabenki yalichukuliwa kwa siku moja. Wataalamu hawapatikani kwa siku moja. Wazalendo waliokuwa wamesomea uhasibu na mambo ya benki walikuwa wachache mno. Kutokana na haja hiyo, mwaka 1972 ulianzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, jijini Dar es Salaam, na mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyoanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Kule Mzumbe nako kikawekwa chuo cha uongozi na maendeleo, ambacho mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu. Mlimani, Kitivo cha Biashara na Menejimenti kikafuata mwaka 1979.

Mpangilio huo unastahili kuangaliwa vizuri. Kazi ilitangulia, chuo kikafuata. Hakuna hata kimoja kati ya vyuo hivyo kilichojengwa ili kumpa mtu fahari ya kutaja jina lake mbele ya jirani.

Mwaka huohuo wa 1972 lilitokea jambo jingine lenye funzo. Serikali ilipopeleka madaraka mikoani, ilitumia ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Nchi iliyokuwa imetangaza kujitegemea ililazimika kununua maarifa ya kupanga ofisi zake kutoka kwa kampuni ya kibepari. Anayetaka kujua kwa nini kijana wa Kitanzania asomee ushauri elekezi, jibu lake limo humo. Ushauri ni bidhaa, na asiyeweza kuizalisha hana budi kuinunua kwa bei ya muuzaji.

Tangu hapo mambo yamebadilika sana. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu tena mabenki ya watu binafsi. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, na humo ikazaliwa NMB. Mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara. Kila badiliko lilileta kazi mpya, na kila kazi ilihitaji elimu ya namna yake.

KAZI KWANZA, CHUO BAADAYE

Kosa la kwanza la washauri wengi ni kudhani kwamba "fedha" ni kazi moja. Mkaguzi wa hesabu hutazama fedha iliyokwisha kutumika, akauliza kama ilitumika kwa haki. Ofisa mikopo wa benki hutazama fedha ambayo haijatoka, akauliza kama itarudi. Mtaalamu wa takwimu za bima hupima balaa ambayo haijatokea, akakadiria itagharimu kiasi gani siku ikitokea. Mshauri elekezi huingia katika shirika asilolijua, akalisoma kwa wiki chache, kisha akaandika kwa lugha iliyo wazi kwa nini linapata hasara na lifanye nini.

Kwa hiyo fani nazo hutofautiana. Anayetaka ukaguzi atafaa kusoma uhasibu, na hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, IFM, Chuo cha Uhasibu Arusha, Taasisi ya Uhasibu na Chuo cha Elimu ya Biashara vyote vina njia ya kumfikisha. Anayetaka takwimu za bima awe ameiva katika hisabati, na fani hiyo aitafute kwa jina lake, asichukue shahada yoyote ya biashara akidhani ni ileile. Anayependa vyama vya ushirika na mikopo ya wakulima asidharau Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, maana kazi hiyo imefundishwa pale tangu kikiwa chuo kidogo mwaka 1963. Anayetaka ushauri elekezi anaweza kutoka katika uchumi, uhandisi, takwimu au sheria, ilimradi ajue kuhesabu, kuuliza na kuandika.

Walioliongoza jahazi la fedha la nchi hii ni ushahidi wa kutosha. Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, Edwin Mtei, alisomea Makerere, Uganda. Benno Ndulu, aliyekuwa Gavana kuanzia mwaka 2008 hadi 2018, alikuwa profesa wa uchumi. Aliyempokea, Florens Luoga, alikuwa profesa wa sheria. Fani zao hazikufanana, lakini hakuna aliyefika pale kwa kuijua fani yake juujuu.

Tena ifahamike kwamba si kila panapotolewa shahada pana jina la chuo kikuu. IFM na Chuo cha Elimu ya Biashara, kwa mfano, viko chini ya baraza la elimu ya ufundi, na shahada zao zinatambuliwa. Mzazi anayemkataza mwanawe kwenda huko kwa sababu ya neno "chuo" kukosa mwenzake "kikuu" anachagua kibao cha getini.

MLANGO HUFUNGWA MAPEMA

Jambo zito kuliko yote katika mazungumzo haya haliko chuoni. Liko Kidato cha Pili. Kwa miaka mingi hisabati imekuwa somo linaloangusha wanafunzi wengi katika mtihani wa Kidato cha Nne, na fani nyingi za fedha zenye uzito hudai ufaulu wa somo hilo. Fikirieni msichana wa miaka 15 anayeambiwa na mwalimu wake, pengine kwa nia njema kabisa, kwamba hisabati si ya watu kama yeye. Msichana huyo hajui kwamba siku hiyo amefungiwa benki, bima na ofisi ya mkaguzi. Atakuja kujua baada ya miaka minne, akiwa ameshika matokeo mazuri ya masomo mengine, anasoma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu na kukuta sharti asiloweza kulitimiza. Wakati huo mwalimu aliyemwambia neno lile huenda amekwisha hamia wilaya nyingine.

Ndiyo maana uchaguzi wa tahasusi ya Kidato cha Tano hauwezi kuachwa kuwa jambo la mzaha. Aliyesoma Uchumi, Jiografia na Hisabati huingia katika fani nyingi zaidi za fedha kuliko mwenzake asiye na hisabati. Aliyesoma Uchumi, Biashara na Uhasibu huwahi kuzoea vitabu vya hesabu, lakini akitaka fani za takwimu atakuta mlango ni mwembamba. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezwa sana, na kwa sababu hiyo kazi ya mwalimu mshauri imekuwa kubwa zaidi kuliko zamani.

SHAHADA NI NUSU YA SAFARI

Kijana na aambiwe ukweli mwingine: shahada ya uhasibu haimfanyi mtu kuwa mhasibu aliyeidhinishwa. Baada ya chuo iko mitihani ya NBAA, na baada ya mitihani uko uzoefu wa kazi chini ya usimamizi wa waliotangulia, ndipo mtu husajiliwa kuwa CPA. Makampuni makubwa ya ukaguzi na ushauri yenye ofisi Dar es Salaam huchukua wahitimu wa hapahapa nchini na kuwataka waendelee na mitihani hiyo. Aliyetoka chuo chenye jina dogo akafaulu mitihani ya bodi hukaa meza moja na aliyetoka chuo chenye jina kubwa. Aliyetoka chuo kikubwa akaishia kutundika cheti ukutani hubaki akikitazama.

Na wale wanaotaka kwenda ng'ambo? Waende wenye ufadhili na sababu. Ni kweli kwamba makampuni ya ushauri ya London na New York hupenda wahitimu wa vyuo vichache vya huko. Lakini mzazi asiuze shamba kwa ajili ya chuo asichokijua, kilichojitangaza kwa picha za majengo. Kwanza aulize kama shahada hiyo itatambuliwa hapa nchini, na kama mtoto akirudi atapewa msamaha wa baadhi ya mitihani ya bodi au ataanza chini kabisa.

WAJIBU WA MSHAURI

Mwalimu na mtumishi wa umma ndio watu ambao kijana wa kijijini huwaendea, kwa kuwa hana mwingine. Anapokuja, na aulizwe maswali matatu kabla ya jina lolote la chuo kutajwa. Je, ni kazi gani ya kila siku anayotaka kuifanya, na amewahi kumwona mtu anayeifanya? Je, hisabati yake ikoje, na kama ni dhaifu, yuko tayari kuifanyia kazi? Je, fani anayoitaka inafikisha kwenye mitihani gani ya kitaaluma, na nani atamlipia?

Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufikishwa Bungeni. Humo husomwa halmashauri iliyopata hati safi na iliyopata hati yenye shaka. Nyuma ya kila hati yupo mtu aliyeketi na stakabadhi na kalamu, akajumlisha, na palipokuwa na vishawishi akakataa au akakubali. Mtu huyo aliwahi kuwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili, na mwalimu fulani alimwambia neno fulani juu ya hisabati.