Mahindi Hayana Vinundu
(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa ushirika)



Naanza na kosa langu, maana najua mnalisema pembeni. Msimu uliopita nilinunua paketi za unga mweusi, muuzaji akaniambia ni mbolea ya vijidudu. Nikapaka mbegu za mahindi, yurea sikuweka hata chembe. Mahindi yakapiga njano kuanzia majani ya chini, nikavuna nusu ya kawaida yangu. Kumbe paketi imeandikwa wazi: ya soya. Na mimi ndiye ninayewahimiza muende kisomo!

Sasa sikilizeni. Katika hewa, kila mafungu 100, mafungu 78 ni naitrojeni, chakula kile kile kilichomo katika yurea. Ila mmea hauwezi kuila hewani. Bakteria waitwao raizobia wanaweza. Huingia mizizi ya maharage, kunde, karanga na soya, wakajenga vinundu. Ng'oa mkunde unapotoa maua, upasue kinundu. Kikiwa chekundu ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kitu. Mahindi, mtama na uwele havijengi vinundu. Kuyapaka mahindi raizobia ni kumpeleka mgeni kwenye nyumba isiyo na mlango.

Nafaka nazo zina wa kwao, azospirila, wanaokaa kwenye mizizi na kuisaidia kukua. Mama Johanna Döbereiner wa Brazili, aliyefariki mwaka 2000, aliwachunguza sana. Wakulima wa huko wanawatumia kwenye mahindi tangu 2009, lakini mbolea hawakuiacha, wanaipunguza tu. Mtu akikwambia paketi inafuta mfuko mzima wa yurea, jamani, mwombe akuonyeshe shamba lake kwanza.

Pendekezo langu la fedha za pembejeo ni hili. Tununue raizobia wa soya kwa eka 2 za ushirika, mwakani tupande mahindi pale pale. Soya tutakayovuna itaondoka na naitrojeni nyingi, kwa hiyo majani na mashina yabaki shambani, asichome mtu. Mahindi tutayaongezea samadi na yurea kidogo. Paketi zikae kivulini, mbegu zipakwe na kupandwa siku hiyo hiyo, jua huwaua. Mbegu iliyotiwa dawa tusiipake.

Kura ni Jumamosi, tukimaliza kupima mazao ghalani. Paketi yangu tupu nimeibandika hapa chini. Kila mtu aisome mwenyewe.