SIKU NAZO ZATAKA DAFTARI
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema maneno machache baada ya hesabu za mwaka kusomwa. Kazi yangu mbele yenu ni kueleza nani ametoa mchango, nani anadaiwa, na fedha zimekwenda wapi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, nasi tumelishika neno hilo. Ndiyo maana sanduku la Chama lingali salama. Lakini leo nauliza: je, siku zetu nazo tumeziandikia daftari?

Wengi wetu hutia nia mwezi wa Januari. Mmoja asema atajenga nyumba, wa pili atamaliza deni, wa tatu ataanza masomo ya jioni. Desemba ikifika, nia ingali nia. Aghalabu si kwa uvivu. Mtu huyo alifanya kazi mwaka mzima na jasho likamtoka. Ila hajui ni sehemu gani ya jasho hilo iliyokwenda katika nia yake.

Nami sijitoi katika hesabu hiyo. Kwa miaka miwili nilikusudia kufaulu mtihani wa uhasibu, na vitabu nikavinunua. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba ninasoma. Nilishindwa, nikalaumu kazi nyingi, nikalaumu safari na misiba. Kisha usiku mmoja niliketi nikahesabu ni jioni ngapi nilizosoma kweli katika mwezi uliopita. Zilikuwa nne tu. Mimi ninayetunza daftari za watu wengine sikuwa na ukurasa mmoja wa kwangu mwenyewe! Niliona haya, lakini haya hiyo ndiyo iliyoniamsha. Nikachagua jioni tatu katika kila juma, nikaandika kila siku niliyosoma na kila siku niliyokosa. Mwaka uliofuata nilifaulu.

Uko mfano mkubwa kuliko wangu, nao ni wa Eliud Kipchoge, mwana wa Nandi. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Olimpiki ya London. Hakukaa kulia, mwaka 2013 aligeukia marathoni, mbio za kilomita 42 na mita 195. Mwezi wa Mei 2017, huko Monza nchini Italia, alijaribu kumaliza mwendo huo kabla ya saa mbili kutimia, akatumia saa 2 na sekunde 25. Alikosa, lakini alijua amekosa kwa kiasi gani. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mtu huyu kwa miaka mingi ameandika mazoezi yake katika daftari.

Tena hakukimbia peke yake. Wakimbiaji 41 walichaguliwa kumsaidia, wakipokezana kumkinga na upepo. Kwa sababu hiyo muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Lakini kwetu sisi wenye Chama cha kusaidiana, hapo ndipo penye somo. Lengo lilikuwa la mtu mmoja, na mbavu za kulibeba zilikuwa za wengi.

Wala Wazee wetu wasiseme kwamba haya ni ya vijana. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, kwa kuwa alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Alifariki mwaka 2009, akiwa ameacha jina la msomi.

Kwa hiyo naleta ombi. Kila mwanachama anunue daftari ndogo. Katika ukurasa wa kwanza aandike lengo moja, si matano, pamoja na kipimo chake na tarehe. Asiandike “nitaweka akiba”. Aandike ni shilingi ngapi, na kufikia mwezi gani. Kila juma aandike alichofanya na alichokosa, bila kujidanganya na bila kujitukana. Kisha achague mwenzake mmoja amwonyeshe daftari hiyo kila mwisho wa mwezi. Haitasomwa mkutanoni, maana hatutaki kumwaibisha mtu.

Huenda mtu akauliza: na siku ya msiba je? Chama hiki kiliundwa ili asizike mtu peke yake, na hatutaacha desturi hiyo kwa ajili ya lengo la yeyote. Siku ya msiba iandikwe kuwa ya msiba. Lakini tukisharudi kutoka makaburini, jioni ifuatayo irudi katika kazi yake. Kinachotupoteza si siku ile moja, bali ni majuma tunayoyaacha yapite nyuma yake.

Mwakani, Mungu akipenda, nitasimama hapa tena kuwasomea hesabu za fedha. Hesabu za siku kila mmoja atajisomea mwenyewe. Naomba zisomeke.